Wazazi wa skuli za kutwa, mmeingia vipi kwenye mambo ya skuli? Tupeane uzoefu

Mama wa Mikunguni

Assalamu alaykum. Nina watoto wawili skuli ya msingi ya Serikali hapa Mjini Unguja, na mwaka wa tatu huu ni mshika fedha wa kamati ya skuli. Naomba tusimuliane, kwa sababu yapo tuliyoyaweza na yapo yaliyotushinda.

Mimi sikuingia kwa kupenda uongozi. Binti yangu wa darasa la nne alikuwa akirudi saa sita na nusu na chupa yake ya maji imejaa vilevile nilivyoijaza alfajiri. Siku ya mwanzo nikasema kasahau. Ikapita wiki nzima. Nikamkalisha, akaniambia, "Mama, nikinywa nitataka choo." Kesho yake nikaenda kukitizama mwenyewe. Vyumba vinne, viwili havina milango, pipa halina tone la maji, na kata imefungwa kamba kwenye bomba kavu. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima.

Mkutano wa wazazi uliofuata nikaenda. Ulikuwa Jumatano saa 4 asubuhi. Skuli ina watoto zaidi ya elfu, wazazi tuliofika 23. Hesabu ikasomwa mbio mbio, nusu yake "matumizi mengineyo". Nikanyoosha mkono nikauliza hayo mengineyo ndiyo yepi. Sikupata jibu la kueleweka, lakini ulipofika uchaguzi wa kamati, jina langu ndilo lililotajwa mwanzo.

Tulichobadilisha si kikubwa. Mkutano tukauhamishia Jumapili baada ya alasiri. Hesabu tukaibandika kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, kila kitu kwa jina lake: kufuli 2, ndoo 4, mpira wa maji mita 20, ufundi wa bomba. Haikupita wiki akaja baba mmoja, fundi bomba, kaisoma karatasi na uso umemkunjana. Akasema kazi ile haifiki pesa ile. Jumamosi akaja na spana zake na kijana wake, wakafunga koki zote, hakutaka hata nauli. Baba huyo kasomesha watoto watatu pale na hakuwahi hata siku moja kuitwa kwa kazi anayoijua.

Yaliyotushinda: tangu Serikali ilipofuta michango ya wazazi kwenye skuli za msingi mwaka 2015, mzazi akiiona barua ya mkutano anadhani anakwenda kuombwa pesa kwa jina jengine. Na wazazi wa watoto wa mkondo wa mchana hatuwapati kabisa. Nyinyi mmefanyaje?

Bi Vitumbua

Waalaykum salaam dada. Mimi nauza vitumbua na kachori nje ya geti la skuli, na wanangu wamo humo humo ndani. Miaka sita nimekaa pale na hakuna aliyenihisabu kuwa ni mzazi. Nilikuwa yule mama wa vitumbua tu.

Siku moja mwalimu wa zamu kaja kununua, nikamwambia, "Maalim, yule kijana wako mrefu wa darasa la sita leo ni siku ya nne anafika getini, ananunua, anageuka." Akashtuka, maana kwenye rejista alikuwa anaandikwa yupo, mwenzake anamuitikia. Wakamfuata nyumbani. Mama yake yuko hospitali, kijana ndiye anayebaki na wadogo zake asubuhi. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akazungumza na majirani, zamu ikapangwa, kijana akarudi darasani.

Baada ya hapo mwalimu mkuu aliniita ofisini. Niliingia na aproni yangu ya unga, nikakaa kwenye kiti kwa mara ya mwanzo. Sasa mimi ni mjumbe. Nasema kwa dhati, tutizameni na sisi tulio nje ya geti. Tunajua nani kaja na njaa, nani ana pesa zisizo za umri wake na nani anamsubiri nani.

Baba Watatu

Kwetu simu ya skuli ikilia ujue kijana kapigana. Miaka minne sijaitwa kwa jambo jengine, na ningependa kuitwa.

Mtu wa Chake

Nipo Chake Chake. Skuli yetu iko mjini lakini wazazi wengi wana mashamba. Mwaka mmoja kamati iliweka mkutano mkuu katikati ya msimu wa karafuu. Tulikodi viti mia, waliokaa watu saba, na mmoja wao ndiye mwenye viti. Mwenyekiti akasema wazazi wa Pemba hawajali elimu. Maneno yale yaliniuma, kwa sababu mke wangu siku ile alikuwa juu ya mkarafuu tangu alfajiri, anatafuta pesa za sare za hao hao watoto.

Mwaka uliofuata tukatizama karafuu kwanza ndipo tukapanga tarehe. Karafuu zikishauzwa ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, mtu ana nafasi na ana moyo mweupe. Viti havikutosha, watu wakakaa kwenye majamvi. Pale pale wakakubaliana kuinua banda la madarasa mawili mpaka usawa wa linta, Serikali imalizie, kama zilivyojengwa skuli nyingi za visiwa hivi.

Ustadh wa Magomeni

Mimi ni mzazi na nasomesha chuo cha Kurani jioni. Skuli ilitangaza masomo ya ziada kila siku baada ya alasiri, wakati ule ule wa chuo. Watoto wakawa wamegawika, na kila upande unamuona mwenziwe mkosa. Mtoto akienda tuisheni anaulizwa chuoni, akienda chuo anaulizwa skuli. Niliwaona watoto wa miaka kumi wanadanganya pande zote mbili.

Tukaomba kikao: walimu wawili, wazazi wanne, maustadh watatu, na sheha. Saa moja na nusu tu. Tuisheni ikawekwa Jumamosi na Jumapili asubuhi, na sisi tukakubali kuwaachia wa madarasa ya mtihani siku moja zaidi. Kabla ya siku ile, mwalimu mkuu na mimi tulikuwa tunaswali msikiti mmoja na hatujawahi kuzungumzia watoto.

Mwalimu wa Fomu Tu

Niruhusuni na mimi wa upande wa ubao. Kamati moja niliyofanya nayo kazi iliandika barua mwalimu mwenzetu ahamishwe, kisa kamfelisha mtoto wa mjumbe. Kuajiri na kuhamisha walimu ni kazi ya Serikali, na hakuhamishwa. Lakini muhula mzima yule bwana mapumziko alikuwa anakaa darasani peke yake, haji ofisini. Wazazi, mkituona tumekosea njooni mtuambie usoni kwanza.

Na ninaowashukuru wapo. Kuna mama hajui kusoma. Kila Ijumaa anamwambia binti yake amfungulie madaftari, anahesabu vema na makosa kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Makosa yakizidi, Jumatatu yuko mlangoni kwangu: "Maalim, wiki hii kumi na moja. Wiki ilopita yalikuwa manne. Kumetokea nini?" Nikijua atakuja, nalitizama daftari la yule mtoto mara mbili.

Mama wa Mikunguni

Maalim, hilo la kumwambia mtu usoni nimelichukua, maana kwenye kamati yetu ipo barua kama hiyo inayopikwa sasa hivi. Nitaomba isitishwe mpaka tukae na mwalimu mwenyewe.

Bi Vitumbua, umenifumbua macho. Getini kwetu wapo kina mama watatu na kijana wa barafu, na wawili najua wana watoto mkondo wa mchana, hao hao ninaowatafuta. Kesho nawafuata kabla kengele haijalia.

Ustadh, ile barua ya kuombea kikao mliiandika kwa jina la nani, wazazi au chuo? Kwetu mambo ni hayo hayo, na mkutano ni Jumapili hii.