Mjadala: Himoglobini iingizwe kwenye hesabu za unene wa gamba la ubongo?

Wadau, salaam kutoka Mwanza. Huku Kanda ya Ziwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni ugonjwa wa majumbani mwetu: utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta takribani mtoto mchanga mmoja kati ya watano waliopimwa amebeba kinasaba chake.

Tuseme tunawapiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI watoto wenye selimundu na ndugu zao wasio nayo, tulinganishe unene wa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, ambao kwa wastani ni kama milimita 2.5. Umri lazima uingie kwenye modeli, yaani hesabu ya kulinganisha makundi hayo, maana gamba hupungua unene mtoto anapoelekea utu uzima. Jinsia na mashine iliyotumika, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Watu huiingiza kwa sababu tu inahusiana na ubongo. Nasema isiingizwe! Selimundu hupunguza damu, na damu pungufu hubeba oksijeni kidogo. Hiyo ndiyo njia ambayo ugonjwa unapitia kufika kwenye ubongo. Ukiidhibiti, yaani ukilinganisha tu watoto wenye himoglobini sawa, umefuta sehemu ya jambo lenyewe unalolitafuta.

Fikirieni dagaa walioanikwa ufukweni. Mvua ikinyesha hawakauki vizuri, na bei sokoni Mwaloni inashuka. Ukilinganisha magunia yaliyokauka sawasawa tu, utaapa kwamba mvua haigusi bei.

Mchangiaji: Mkuu, napinga. Upungufu wa damu huku unaletwa pia na malaria, minyoo, kichocho na lishe duni. Utausukumia wote selimundu? Halafu vipi kuhusu kutikisika? Mtoto mwenye maumivu hatulii kwenye mashine, na picha iliyotikisika huonyesha gamba jembamba kuliko lilivyo.

Mwanzisha mada: La kutikisika nakubali kabisa. Kutikisika hakuli gamba, kunachafua picha, kwa hiyo kudhibitiwe na picha mbovu zirudiwe. Malaria na lishe zipimwe zenyewe. Ndiyo maana nimetaka ndugu wa nyumba moja, wanaokula chungu kimoja na kuumwa na mbu walewale. Anayetaka kujua selimundu inaumiza ubongo kiasi gani mbali na upungufu wa damu, hilo ni swali jingine. Aliandike hivyo kabla ya kuona matokeo.

Mchangiaji mwingine: Na ukubwa wa fuvu?

Mwanzisha mada: Ukipima eneo la gamba, uingie, kwani kichwa kikubwa kina gamba pana. Unene haufuati ukubwa wa kichwa kiasi hicho. Anayeuingiza kwenye unene atueleze sababu yake, asiseme tu kwamba wenzake huuweka.