MREJESHO: Dada mwenye lupasi, mkono kufa ganzi na kusahau maneno

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza kuhusu dada yangu wa Masasi mwenye lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe): mkono wa kulia ulikuwa unakufa ganzi kisha unarudi, na maneno yanampotea. Mlisema tusingoje, hata mkono ukirudi, kwani hicho chaweza kuwa kiharusi cha muda. Tukaenda Dar, akapigwa MRI (picha ya ubongo) na kupimwa kingamwili za antifosfolipidi. Anazo, na ndizo zinazogandisha damu hadi mishipa ya ubongo kuziba. Sasa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anapima INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) mara kwa mara, na haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, anaendelea nayo. Ganzi imekoma. Kumbukumbu bado, akienda sokoni tunamwandikia vitu, inaniuma sana. Aliyesema "si mapepo, kapimeni damu", Mungu akubariki mno.