Naomba ushauri: mdogo wangu abaki New Orleans au aondoke?

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, Kiboriloni. Kitinda mimba wetu anasoma New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, na kuna kimbunga kinapanda kutoka Ghuba ya Meksiko. Hapa nyumbani ni ubishi mtupu.

Shemeji anasema watu wanakuza mambo, eti kimbunga Ida cha 2021 kilitua Louisiana kikiwa kiwango cha 4 kati ya 5 na kuta za kuzuia maji za mji zikahimili. Sawa, lakini umeme ulikatika mji mzima, na joto lile la Agosti! Mimi namkumbusha Katrina ya 2005. Ilitua na kiwango cha 3 tu, kuta zikabomoka, karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Kile kiwango kinapima upepo, hakipimi maji. (Shemeji huyuhuyu alisema maji ya masika hayatafika sebuleni kwake. Yalifika.)

Dogo hana gari, anakaa ghorofa ya tatu, anaona inatosha. Mama hata kula hali.

Mliowahi kuishi kule, mlikuwa mnaangalia nini hasa kabla ya kuamua? Na asiye na gari anatokaje, siku ngapi kabla?