Bazazi ya Mwaka wa Nne B

[18:02] Mama Furaha: Bazazi, habari ya mangaribi. Kesho saa mbili batoto banaonyesha volkano yabo, ule mfano wa Nyiragongo, mbele ya direkta. Vinegre ya kufanya povu haijafika. Bikarbonati haijafika. Naandika tangu siku ya kwanza!!

[18:09] Mama Furaha: Batu 31 mumesoma. Nabaona.

[18:20] Papa Amani: 👍

[18:21] Mama Furaha: Papa Amani, 👍 haimwangike mu chupa.

[18:22] Papa Amani: 😂 Vinegre iko, lakini ni ya salade ya bibi yangu.

[18:40] Mama Neema: Ile mulima imekauka? Neema alirudi mweupe, magazeti na gundi ya foufou mpaka mu nywele.

[18:43] Mama Furaha: Imekauka, imesimama. Kila mutoto amebandika kanyumba kake ka katoni ku muteremuko. Neema njo alipima na kamba, toka juu mpaka ku ziwa, bila mwalimu kumusaidia. Ule mwenye alikuwa analia saa ya kupima!

[18:44] Mama Neema: ❤️❤️ Mutoto wangu

[19:03] Papa Josué: Mbele ya vinegre. Zile 3000 tulitoa za chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo. Magurudumu tuliona. Mpira ya kuvalisha magurudumu hatukuona.

[19:04] Mama Furaha: Papa Josué, hiyo tulishasema.

[19:05] Papa Josué: Mulisema. Jibu haikukuya.

[19:06] Papa Amani: Chukudu bila mpira inaamusha mutaa muzima 😂

[19:06] Mama Furaha: VINEGRE bazazi.

[20:15] Mama Furaha: Litre moja haitatosha. Mwalimu anataka povu iteremuke mbio, sababu moto ya Nyiragongo ni nyepesi, inatiririka kama maji. Itoke pale juu, ipite ku manyumba.

[20:31] Tate wa Grâce: Batoto bangu. 17 ya mwezi wa kwanza 2002 nilikuwa hapa. Moto haikutoka pale juu. Mulima ilipasuka ku mbavu, mpaka karibu na Munigi, pale karibu na Goma. Siye tulikuwa tunaangalia juu. 2021 tena, ku mbavu. Batoboe ile yabo kando.

[20:33] Tate wa Grâce: Na kanyumba ka Grâce, bakaondoe pale.

[21:10] Papa Josué: Pole Tate.

[21:12] Mama Furaha: Ndiyo Tate. Napigia mwalimu. Lakini usiku hii tutaitoboa na nini? Imekuwa ngumu kama jiwe.

[21:15] Papa Josué: Niko na musumari mukubwa. Nitakuya pale masomo saa moja.

[21:16] Papa Amani: Ule wa chukudu? 😂

[21:30] Mama Neema: Bikarbonati niko nayo, vijiko mbili tu.

[22:47] Papa Gentil: Bonsoir. Ni kesho ao kesho kutwa?

[22:48] Mama Furaha: KESHO.

[05:41] Mama Furaha: Mwalimu hakushika simu. Papa Josué umeamuka? Na vinegre ni nani?

[05:58] Papa Amani: 👍