Mnaouza safari ya Mabamba kutoka Entebbe: acheni kuwatoa watu hotelini saa tatu!

Wadau, hili limezidi. Tangazo la safari ya Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria kule Uganda, linasema "asubuhi na bulwe" (yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu), mteja analipa, halafu gari linamchukua saa tatu. Ifike foleni ya kivuko pale Nakiwogo, ije barabara ya vumbi upande wa pili, mtu anaingia mtumbwini saa tano jua likichoma. Ndege asipoonekana anaambiwa, "Leo hatuna bahati."

Bahati gani? Bulwe anamvizia samaki aitwaye kamongo, na kamongo hana budi kupanda juu kuvuta hewa. Ndege anasimama kimya ukingoni mwa mafunjo akimngoja, na wakati mzuri wa kumkuta hapo ni asubuhi mapema, kabla ya joto na kabla mitumbwi haijajaa. Mgeni awe majini saa moja, ikichelewa sana saa moja na nusu. Kama kivuko hakiwahi, zungukeni kwa barabara kupitia Mpigi, na mwambieni mteja mapema kwamba ataamka usiku.

Linalouma zaidi ni injini. Boti za moja kwa moja kutoka Entebbe zinaingia na mngurumo hadi ndani ya vijia vyembamba. Mashina ya yungiyungi yanajisokota kwenye rafadha, injini inazima, nahodha anaiinua na kuanza kung'oa majani kwa mkono. Akimaliza, bulwe keshahamia katikati ya mafunjo ambako hakuna mtumbwi unaofika. Na huyu si ndege wa kuchezea: hata akitaga mayai mawili, kwa kawaida hukuza kinda mmoja tu. Mabamba imo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu kimataifa, tangu 2006, nanyi mnaiendesha kama stendi ya bodaboda! Injini iishie maji mapana. Kuanzia hapo ni upondo na kasia, na bulwe akionekana mtumbwi usimame. Kumsogelea hadi aruke ili mtu apate picha ni uharibifu.

Kuhusu usalama sibembelezi. Novemba 2018 boti iliyojaza watu ilizama upande wa Mukono, wakafa zaidi ya 30, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi za kuokoa maisha. Bado kuna wanaozikalia kama mito! Jaketi ivaliwe nchi kavu, kamba zifungwe zote. Mtumbwi mdogo wa mbao ubebe wageni watatu, mwongozaji na mpiga kasia, basi. Na ziwa likianza kuchafuka kwa upepo wa mchana, boti ya kurudi Entebbe isubiri.

Bei nayo iandikwe wazi: mtumbwi na mwongozaji wa kijiji vimo au havimo? Wageni wanafika gatini wanadaiwa upya, lawama zinawaangukia vijana wa pale ambao hawakupokea hata shilingi.

Kampuni inayoondoka saa kumi na moja alfajiri na kuzima injini kwenye mafunjo ijitaje hapa chini, pamoja na bei kamili.