Ushauri: wanafunzi wanafuta kazi kwenye potfolio zao za kidijitali, niwazuie vipi?

Chaki_Kondele: Hamjambo wanajamvi. Nafunza Gredi ya 9 hapa Kisumu, darasa la wanafunzi 43. Kila mmoja ana potfolio kwenye Google Drive: insha, picha za miradi ya Kilimo, na video nne za dakika mbili mbili. Shida ni kwamba kazi zinapotea. Leo insha safi ipo, kesho imeondolewa na mahali pake pamewekwa kitu cha ovyo. Siku ya wazazi imekaribia. Naomba njia ya kufunga folda wasiweze kufuta.

FundiWaya: Kwanza tafuta zilizopotea. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Drive andika is:unorganized owner:me. Mhariri akiondoa faili ya mtu mwingine kwenye folda, faili haifi. Inakosa folda tu, na bado iko kwa mmiliki. Ila utafutaji huo ufanywe ndani ya akaunti ya mmiliki. Mmiliki ni nani?

Mama_Bahati_Nax: Tatizo ni hizi tarakilishi. Faili ya manila haina nenosiri na haihitaji bando.

Omera254: Lakini mbuzi akiila, hakuna kisanduku cha kutafutia.

Chaki_Kondele: Kila folda ina jina la mwanafunzi. Nimeuliza kuhusu kufunga.

FundiWaya: Mwalimu, jina la folda mtu yeyote anaweza kuliandika. Fungua maelezo ya faili, usome penye mmiliki.

Chaki_Kondele: Mmiliki ni mimi. Ni Gmail yangu binafsi, shule haina akaunti za wanafunzi. Nimewapa linki, mwenye linki anahariri. Nusu ya darasa nimeshawageuza watazamaji na kuwapangia kazi tano bora kila mmoja. Mnataka mzazi atoke Ahero aje kuonyeshwa jedwali lenye makosa? Mtoto wa miaka 14 hajui kazi ipi itampa heshima.

Wakili_Milimani: Umesema mwenye linki anahariri, na humo mna nyuso za watoto. Linki ikisambazwa WhatsApp, mgeni anaweza kuona na kubadilisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Zima linki hiyo leo.

Kasuku_Nakuru: Ngojeni kidogo. Video ya 1080p hula takriban MB 130 kwa dakika. Zidisha kwa dakika mbili, video nne, watoto 43: karibu GB 45. Gmail ya bure ina GB 15, tena imegawana na barua pepe na picha. Hadithi hii imetungwa. Kesho atatuletea linki ya "programu nzuri ya potfolio" yenye bei.

Omera254: Hesabu ya Kasuku haina huruma 😂

Chaki_Kondele: Siuzi kitu. Nalipia GB 100 kutoka mfukoni mwangu. Ndiyo maana nasema nina haki ya kuamua nini kikae humo.

Kasuku_Nakuru: Sawa, GB 45 zinaingia. Naondoa mashtaka.

FundiWaya: Malipo hayo yana mwisho. Ukiacha kulipa ukiwa juu ya GB 15, hupakii kitu na Gmail yako haipokei barua. Hali hiyo ikidumu miaka miwili, Google inaweza kufuta vilivyomo. Na hao baada ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, wanaenda sekondari pevu bila kitu mkononi.

Hamisha umiliki. Kila mwanafunzi afungue akaunti yake, umri wa chini ni miaka 13. Usitumie namba yako ya simu kuthibitisha zote, Google itaikataa baada ya chache. Tumia ya mzazi, na hapo hapo apewe fomu ya idhini aitie sahihi. Kisha mfanye mwanafunzi mhariri wa faili, fungua sehemu ya kushiriki, penye jina lake chagua kuhamisha umiliki. Atapata barua pepe, naye lazima akubali. Asipokubali, mmiliki bado ni wewe. Wengi wanakwama hapo, kwa sababu barua imelala kwenye folda ya barua taka (spam). Pia, kuhamisha folda hakuhamishi faili zilizo ndani. Chagua faili zenyewe, unaweza kuchagua nyingi kwa pamoja. Video zipunguze ubora hadi 480p kabla ya kuhamisha, zisijaze nafasi. Kwenye kipakatalishi cha shule waingie kwa dirisha la mgeni, la sivyo wa pili atakuta akaunti ya wa kwanza ikiwa wazi.

Ukimaliza, wewe unabaki mhariri. Mwambie mwanafunzi akushushe uwe wa kutoa maoni tu.

Chaki_Kondele: Kwa hiyo niwe mgeni kwenye kazi niliyoisimamia? Na SBA je, ile tathmini inayofanyiwa shuleni, nikiulizwa ushahidi?

Mwl_Maseno: Hayo ni mambo mawili, mwalimu. Alama za SBA zinaingia kwenye mtandao wa KNEC, baraza la mitihani, na nakala za ushahidi unaweka wewe, kwenye folda yako. Potfolio ni ya mwanafunzi. Ukichanganya hizo mbili utafunga kila kitu kwa hofu.

Ndani ya potfolio weka folda mbili, Ghala na Onyesho. Ghala linapokea kila kitu, rasimu mbovu pia, na humo hakuna kufuta. Onyesho lina kazi tano: mbili unaweka sharti wewe, kwa mfano moja ya Sayansi Jumuishi na moja ambayo rasimu yake ya kwanza imeambatishwa. Tatu anachagua mwenyewe. Akibadilisha, ya zamani inarudi Ghala. Chini ya kila kazi aandike sentensi tatu: nilibadilisha nini kati ya rasimu na mwisho, wapi bado pananisumbua, na kwa nini nimeiweka hapa. "Kwa sababu ni nzuri" usikubali. Maksi zako ziende kwa maelezo hayo.

Hilo jedwali lenye makosa, umemuuliza aliyeliweka kwa nini amelichagua?

Chaki_Kondele: Sijamuuliza. Linki nimeizima. Lakini siku ya wazazi kazi tano nilizopanga zitabaki, kuhamisha nitaanza baadaye.

Mwl_Maseno: Basi juu ya kila ukurasa andika "Zimechaguliwa na mwalimu", mzazi ajue anatazama uteuzi wa nani.

Mama_Bahati_Nax: Fomu ya idhini ikoje? Nataka moja ya Gredi ya 6.

Wakili_Milimani: Ukurasa mmoja unatosha: kinachokusanywa, nani ataona, kitakaa mpaka lini, na mzazi akibadili nia afanyeje. Picha za uso ziwe na kisanduku chake cha kutia alama, mbali na kazi za darasani. Lakini kumbuka, wa Gredi ya 6 wengi hawajafika miaka 13, akaunti zao zinahitaji kusimamiwa na mzazi kupitia Family Link.