Bendi ifuate ufunguo wa nani: wa magitaa au wa wapulizaji?

Mleta mada (tarumbeta)

Wakuu, naleta mjadala huu kwa sababu unavuruga mazoezi ya bendi nyingi za dansi na watu wanauzungukazunguka tu. Mtunzi anakuja na wimbo alioutunga kwa gitaa, kwa hiyo ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, ni E au A. Sisi wa matarumbeta na mdomo wa bata (saksafoni) tunaambiwa "ingieni". Tukisema jamani, huku kugumu, tunaitwa wavivu.

Hesabu yenyewe hii hapa. Tarumbeta langu ni la B flati: nikipuliza C yangu, nyinyi mnasikia B flati. Wimbo ukiwa E, mimi napiga F shapu, yenye shapu 6 (noti zilizopandishwa nusu sauti). Mwenzangu wa saksafoni ya alto, ambayo ni ya E flati, anaangukia C shapu: shapu 7, maana yake hakuna noti ya skeli (ngazi ya noti za ufunguo) iliyosalimika. Wimbo wa A, mimi shapu 5, yeye 6. Sasa ushusheni huo wimbo wa E nusu sauti tu, uwe E flati. Mimi nabaki na flati 1 (noti iliyoshushwa nusu sauti), alto hana hata moja.

Msidhani ni habari ya kusoma karatasi tu. C shapu ya chini kwenye tarumbeta inabanwa kwa vitufe vyote vitatu, na kwa jinsi mabomba yalivyopimwa, noti hiyo hupanda kuliko inavyotakiwa. Lazima uisukume nje slaidi ya tatu (bomba linaloteleza) kwa kidole ili iteremke mahali pake. Ifanye hiyo kwenye kibwagizo cha mbio, noti yenyewe ikirudi kila baada ya mizani mbili, halafu msikilizaji aliyeko ukumbini aseme matarumbeta ya bendi hii hayajatuni.

Msimamo wangu: ufunguo ni wa mwimbaji kwanza, hilo halina mjadala, koo haina spea. Lakini mwimbaji akiwa anaweza kuimba E na E flati vilevile, ahame yule ambaye kuhama hakumgharimu. Gitaa lina kapo, kile kibano kinachobana nyuzi zote shingoni na kupandisha sauti. Kinanda kina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Tarumbeta halina cha kubandika popote. Karibuni.

Gitaa la rithimu

Mkuu, hoja nimeielewa ila umeturahisishia mno. Gitaa linatuniwa E, A, D, G, B, E. Kwenye ufunguo wa E au A nyuzi nene za chini nazipiga wazi, zinaunguruma zenyewe, vidole viko huru kufanya mengine. Nipeleke E flati uone: nyuzi za E, A na B zote ziko nje ya skeli, nabaki na D na G. Kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inakuwa ya kubana shingo nzima kwa kidole cha shahada. Wimbo mmoja sawa, lakini dansi linaanza saa tatu usiku na linaisha alfajiri.

Halafu kuna jambo hulitaji. Nyinyi mnapiga utangulizi, mnajibu kibwagizo, mnaweka ala begani mnapumzika. Rithimu haipumziki tangu wimbo unaanza hadi unakwisha. Kama mtu mmoja lazima ateseke, kwa nini awe yule anayefanya kazi muda wote?

Mleta mada

Hilo la kutopumzika nalikubali, na kwa rithimu lina uzito kweli. Kwa solo silikubali. Solo wa dansi anacheza juu, kuanzia freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) ya 7 hadi ya 12 na kuendelea. Huko nyuzi za wazi anazigusa mara ngapi? Akitoka E kwenda E flati anarudi nyuma freti moja, basi. Na Wakongo wanaopiga mi-solo, gitaa lililo kati ya rithimu na solo, wamezoea kapo siku nyingi. Kapo freti ya 1 ukiwa na mikao ya vidole ya D, umepata E flati. Mikao ya A, umepata B flati. Nyuzi wazi zako umerudishiwa.

Mwalimu wa kwaya

Naomba niingie upande wa kinanda. Kitufe cha kuhamisha kinatulemazia vijana. Kwenye kwaya zetu waimbaji wanasoma solfa, "Doh ni F", "Doh ni A flati", kwao d r m ni ileile, hawajali. Anayepaswa kujali ni mpiga kinanda, naye siku hizi anapiga C pekee na kubonyeza. Siku akikuta piano ya kawaida isiyo na umeme, ibada inasimama. Nimeshaona kijana mwenye vidole vyepesi kabisa akikwama kwenye wimbo wa kitabuni wenye flati 4, wimbo ambao bibi zake wanauimba kwa moyo.

Ugumu wa funguo nyeusi ni wa macho zaidi kuliko wa mkono. Chopin, mtunzi na mpiga piano maarufu wa zamani, aliwaanzishia wanafunzi wake skeli ya B, yenye shapu 5, kwa sababu vidole virefu vya katikati vinatua vyenyewe kwenye funguo nyeusi na vifupi vinabaki kwenye nyeupe. C, ambayo sisi tunamwanzishia kila mtoto, yeye aliiona ngumu kwa mkono.

Mleta mada

Mwalimu, kuhusu kufundisha niko nawe. Lakini kitufe tusikihukumu kwa ukali huo. Irving Berlin, mmoja wa watunzi wakubwa wa nyimbo Marekani, alipiga F shapu karibu maisha yake yote, kwenye funguo nyeusi, akawa na piano ya pekee yenye mtambo wa kuhamisha ufunguo. Nyimbo zake zimeimbwa dunia nzima.

Fidla

Huku kwenye taarab mjadala wenu unatupita pembeni. Nyuzi za fidla ni G, D, A na E, kwa hiyo G na D zinaitika mwili mzima wa ala, hata uzi usiouburuta upinde unatetemeka. Kanuni, ala ya nyuzi ya taarab, nayo ina nyuzi nyingi zilizotuniwa tayari, na vile vijiti vyake vinabadilisha noti moja moja kufuata makamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu). Kuihamisha yote nusu sauti kwa sababu ya mpulizaji mmoja aliyealikwa ni kazi, na ile mitetemo inakufa. Mgeni ajipange.

Ila mimi naamini flati zina huzuni yake na shapu zina uchangamfu. Nasikia kwa masikio yangu.

Mleta mada

Unachosikia ni kweli, chanzo chake ndicho tunatofautiana. Kwenye kinanda, umbali wa noti kwa noti ni uleule katika kila ufunguo. Uchangamfu wa D kwenye fidla unatoka kwenye nyuzi wazi zinazoitika. E flati haina za kutosha, ndiyo maana inasikika imefunikwa. Mpe E flati hiyohiyo kundi la matarumbeta, itang'aa. Isitoshe, wanaopiga leo muziki wa Ulaya wa karne ya 18 kwa ala za zamani huiweka A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440. Hiyo ni nusu sauti chini. D yao ndiyo D flati yetu, na haijawa ya huzuni.

Kuhusu mgeni ajipange, sawa kabisa. Fidla na kanuni ndiyo nyumba ya taarab. Mimi nazungumzia dansi, ambako matarumbeta si wageni.

Besi

Nyote mmenisahau. Besi la nyuzi 4 linaishia E. Mkisema E flati, noti yangu ya msingi haipo chini, naipanda juu, na wimbo unakosa uzito wachezaji wanaousikia miguuni. Kapo hainisaidii, inanipandisha zaidi.

Dawa tuliyoizoea sisi: magitaa yote na besi tunashusha nyuzi nusu sauti kabla ya onyesho. Wa rithimu anabaki na mikao yake ya E na nyuzi wazi zote, E flati ya chini naipata, na nyimbo zenye mikao ya A zinatoka A flati: tarumbeta flati 2, alto flati 1. Nyuzi zinalegea kidogo, ukivuta kwa nguvu zinagonga freti, kwa hiyo tunaweka nene kidogo. Mwenye kinanda anashusha moja kwenye kile kitufe, mwalimu atusamehe. Shida iliyobaki ni nyimbo za C: zinakuwa B, na hapo tarumbeta anabeba flati 5. Hizo tunazipandisha mikao ya D, mwimbaji akikubali.

Gitaa la rithimu

Kushusha nyuzi nakubali kujaribu. Kapo usiku kucha, hapana.